Mgeni Aliyetafuta Kanuni Zisizokuwepo: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezo wa Mornington Crescent

Kisa hiki kinahusu jioni moja ya michezo ya sebuleni jijini London, ambapo watu tisa walicheza Mornington Crescent huku wanne tu kati yao wakijua ni mchezo wa namna gani. Kimeandikwa kwa ajili ya yeyote anayeongoza michezo mbele ya watu wasiofahamiana vizuri. Mchezo huu ni mojawapo ya mizaha iliyobuniwa kwa ustadi mkubwa, na nauthamini sana. Lakini ukiendeshwa bila uangalifu unaweza, katika muda mfupi, kumfanya mtu mwenye akili timamu ajione mjinga mbele ya wale ambao kesho yake atakaa nao meza moja kazini.

Maelezo yamekusanywa kutoka kwa watu watano waliokuwepo, akiwamo mwenyeji wa jioni hiyo na mgeni aliyeumizwa zaidi, na wote wameridhia kisa kielezwe. Majina, kazi, taasisi na mtaa vimeondolewa. Herufi zinazotumika hapa hazitokani na majina ya wahusika.

## Usuli: mchezo wenyewe

Mornington Crescent ni stesheni ya kweli ya treni za chini ya ardhi. Iko kwenye njia ya Northern, kati ya Camden Town na Euston. Ilifunguliwa mwaka 1907, ikafungwa mwaka 1992 kwa ajili ya kubadilishwa lifti, na ikafunguliwa tena mwaka 1998. Katika sherehe ya kuifungua upya walialikwa wachekeshaji wa kipindi cha I'm Sorry I Haven't a Clue cha BBC Radio 4, kwa kuwa ndio waliolifanya jina la stesheni hiyo lijulikane na watu wengi ambao hawajawahi kushuka hapo. Kipindi hicho kilianza mwaka 1972, na mchezo wenyewe ukasikika humo kwa mara ya kwanza mwaka 1978.

Mchezo unaelezeka kwa sentensi moja: wachezaji hupokezana zamu, kila mmoja akitaja stesheni au mtaa wa London, na wa kwanza kusema “Mornington Crescent” ndiye mshindi. Yote yanayoujaza mchezo huo, yaani kanuni ndogondogo, matoleo maalumu yanayotangazwa mwanzoni mwa kila raundi, vizuizi, hatua za kujihami, na rufaa kwa maamuzi ya mabingwa wa zamani, ni ya kubuni. Humphrey Lyttelton, mpiga tarumbeta wa jazi aliyekuwa mwenyekiti wa kipindi hadi alipofariki mwaka 2008, alikuwa akitangaza toleo la siku hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni, kana kwamba kila msikilizaji amelisoma tangu utotoni. Nao Tim Brooke-Taylor, Graeme Garden, Barry Cryer na Willie Rushton walikuwa wakinyamaza, wakifikiri, wakinung’unika juu ya hatua ya mwenzao, kisha wakataja jina la stesheni, na ukumbi ukapiga makofi kana kwamba umeshuhudia jambo la kijasiri. Inasimuliwa mara nyingi kwamba wachekeshaji waliubuni ili kumkera mtayarishaji ambaye hawakumpenda, wakimpa mchezo ambao asingeweza kuuelewa kamwe.

Iko kanuni moja ambayo haitangazwi na ambayo bila hiyo mchezo hauwezekani. Hakuna kinachomzuia mchezaji wa kwanza kusema “Mornington Crescent” kwenye zamu yake ya kwanza na kuumaliza mchezo. Anayeujua hafanyi hivyo, kwa sababu anajua kwamba wote wamekusanyika ili wacheleweshe ushindi, na kwamba utamu uko katika visingizio vya ucheleweshaji huo. Kwa hiyo ushindi, ambao katika michezo mingine ndilo lengo, hapa ni namna tu ya kufunga pazia. Kanuni hii ndiyo iliyozua tatizo katika kisa chetu.

## Wahusika na mazingira

Mwenyeji alikuwa mkuu wa kikundi kidogo cha wafanyakazi, na aliwaalika nyumbani kwake ili wageni watano waliokuwa wamejiunga nao hivi karibuni wapate kuzoeana na wenzao wa zamani. Nia yake haina shaka. Alikuwa amesikiliza kipindi hicho tangu ujana wake, na alitaka kuwagawia wageni kitu anachokipenda.

Waliojua mchezo walikuwa mwenyeji, Bi. R, ambaye alikuwa amekaa katika kikundi muda mrefu kuliko wote, na wenzao wawili. Walikaa upande mmoja wa chumba, si kwa kupanga, bali kwa sababu walikuwa wamezoeana. Upande wa pili walikaa wageni. Kati yao, watatu wanahusika na kisa hiki: Bwana K, aliyekuja London miezi michache tu kabla ya hapo na ambaye kazi yake inamtaka asome masharti na kuyafuata kwa makini, Bi. S, aliyelelewa katika mji mwingine wa Uingereza lakini hakuwahi kuusikia mchezo. Na Bwana T, mtu mkimya ambaye katika masimulizi yote matano anatajwa kwa ufupi sana, jambo ambalo lina maana yake, na nitalirudia mbele.

## Yaliyotokea katika raundi ya kwanza

Mwenyeji alianza kwa kutangaza kwamba wangecheza toleo la zamani, lenye kifungo cha ulalo na bila kuvuka mto zaidi ya mara mbili. Mmoja wa wageni alipoomba maelezo, alijibiwa kwamba mchezo huu huchezwa kwanza ukaeleweka baadaye, na kwamba kila mtu hujifunza kwa kuwatazama wengine. Jibu hilo lilikuwa sehemu ya mzaha. Bwana K alilichukua kama maelekezo.

Mwenyeji akataja Oxford Circus, na wenzake watatu wakaitikia kwa vichwa kama watu wanaokubali ufunguzi wa kawaida. Bi. R akataja Dollis Hill, na mmoja wao akavuta pumzi kwa mshangao. Zamu ilipomfikia Bwana K, alitaja Bank, kwa kuwa ndiyo stesheni aliyokuwa akiipita kila asubuhi. Mwenyeji akasema kwamba hatua hiyo ni ya kijasiri, ingawa ni halali. Wajuzi wakacheka. Bwana K naye akacheka kidogo, kisha akauliza ujasiri wake uko wapi, na akajibiwa kwamba atauona mwenyewe zamu mbili zijazo.

Kuanzia hapo Bwana K alifanya kile ambacho mtu makini hufanya. Alifungua ramani ya treni kwenye simu yake, akachukua karatasi, akaanza kuandika kila stesheni iliyotajwa, njia inayopitia hapo na rangi yake katika ramani, na jinsi wajuzi walivyoipokea. Alidhani kwanza kwamba ni lazima stesheni mbili zinazofuatana ziwe kwenye njia moja. Dhana hiyo ikavunjwa mtu alipotoka Tooting Bec, iliyo kwenye njia ya Northern, akaenda Cockfosters, iliyo mwisho wa njia ya Piccadilly, na akashangiliwa. Kisha akadhani kwamba hatua nzuri ni ile inayoukaribia mwisho. Akachunguza ramani, akaona Mornington Crescent imepakana na Camden Town upande mmoja na Euston upande wa pili, akahitimisha kwamba atakayepata zamu mara baada ya mmojawapo wa majina hayo mawili kutajwa ndiye atakayeweza kushinda.

Naomba msomaji aitazame dhana hiyo kwa heshima. Kwa mtu ambaye hajaambiwa kitu, ni dhana bora kuliko zote: inatokana na ramani, inaeleza kwa nini watu wanazungukazunguka mbali, na inaweza kujaribiwa. Bwana K alisubiri. Mjuzi mmoja alipotaja Camden Town, naye akiwa ndiye anayefuata, alisema “Mornington Crescent” kwa sauti ya mtu aliyeipata haki yake.

Mwenyeji alikataa. Alisema Bwana K yuko kifungoni tangu alipotaja Bank, na aliye kifungoni hawezi kufunga mchezo mpaka afunguliwe na aliye kushoto kwake. Zamu ikaendelea, na baada ya mchezaji mmoja tu, mjuzi wa pili akasema “Mornington Crescent” na kupigiwa makofi. Bwana K akauliza, kwa utulivu, ni kanuni ipi aliyoivunja. Mwenyeji akamjibu, naye akiwa bado ndani ya mzaha, kwamba ni ile ya kifungo cha ulalo, bila shaka. Chumba kikacheka tena, safari hii kwa sauti zaidi.

Bwana K akaikunja karatasi yake na kuitia mfukoni. Katika maelezo yake alisema kwamba hakuumizwa na kushindwa. Aliumizwa na kugundua kwamba kila swali alilouliza lilikuwa limewachekesha watu, na kwamba hakujua ni tangu lini.

Bi. S alikwenda njia nyingine. Alipoulizwa kwa nini ametaja Elephant & Castle wakati mto umekwisha kuvukwa mara mbili, hakuomba kanuni; alisema kwamba anadai haki ya mvukaji wa tatu, ambayo hutolewa kwa mchezaji ambaye hajawahi kupigiwa makofi. Ilikuwa ni kauli ya kubahatisha, iliyosemwa kwa uso mkavu, na wajuzi wote wanne waliipokea kwa shangwe. Bi. S alieleza baadaye kwamba aliona nyuso zao zikibadilika, na hapo hapo akajua kwamba hakuna kitabu chochote cha kanuni. Kwa maneno mengine, aliingia ndani ya mchezo kwa kubuni, ilhali Bwana K alibaki nje kwa kuchunguza.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Baada ya raundi hiyo watu walisimama kunyoosha miguu, na Bi. R akamvuta mwenyeji kando. Alikuwa ameona karatasi ikikunjwa. Yalikuwepo mambo matatu ya kuchagua: kuacha mchezo na kuanza mwingine, kueleza siri mbele ya wote, au kuendelea kwa namna tofauti.

Kuacha mchezo kulikataliwa haraka na wote wawili, kwa kuwa kungeacha kicheko cha mwisho kikiwa ndicho kumbukumbu ya jioni. Kuhusu kueleza siri, hawakukubaliana. Mwenyeji alishikilia kwamba mchezo huu ukielezwa umekufa. Bi. R hakuamini hivyo, lakini aliona ubaya mwingine: kutangaza mbele ya watu tisa kwamba kanuni hazikuwepo kungekuwa sawa na kutangaza kwamba Bwana K ameandika karatasi nzima bure. Ukweli huohuo, ukisemwa hadharani baada ya tukio, ungemwaibisha kuliko siri yenyewe.

Wakaafikiana mambo mawili. La kwanza, katika raundi ya pili mwamuzi angekuwa Bwana K, na neno lake lingekuwa la mwisho, hata kwa mwenyeji. La pili, yeyote atakayesema “Mornington Crescent” wakati wowote angetambuliwa kuwa mshindi, isipokuwa mwamuzi mwenyewe akatae. Bi. R alieleza sababu yake hivi: mtu ambaye amefanywa kuwa wa mwisho kujua hawezi kurudishiwa hadhi kwa kupewa taarifa; arudishiwe kwa kupewa mamlaka, na taarifa ataipata humo humo.

Bwana K alikataa alipoombwa. Aliuliza atahukumuje kwa kanuni asizozijua. Bi. R akamjibu kwa sauti ya chini, wawili peke yao, kwamba hata yeye hazijui, na kwamba lolote atakalolisema watalitii. Huo ndio ulikuwa ufunuo wote wa siri usiku ule. Wawili hao hawakumbuki kama kulikuwa na maneno zaidi.

## Matokeo

Bwana K alifungua raundi ya pili kwa kuitoa karatasi yake. Alitangaza kwamba kwa mujibu wa uchunguzi alioufanya, hakuna mchezaji anayeruhusiwa kutaja stesheni iliyo kwenye njia yenye rangi ileile ya stesheni iliyotangulia, na kwamba adhabu ni kunyamaza zamu mbili. Hii ilikuwa kanuni halisi: ilikuwa na mpaka, iliweza kuthibitishwa kwenye ramani, na karibu kila mtu aliivunja. Mwenyeji mwenyewe, aliyetaja stesheni moja ya njia ya Central mara baada ya nyingine ya njia hiyohiyo, alinyamazishwa. Alipojaribu kukata rufaa kwa kutaja kifungo cha ulalo, Bwana K alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kifungo hicho kilifutwa katika raundi iliyopita baada ya kutumiwa vibaya.

Masimulizi yote yanakubaliana kwamba hicho ndicho kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote vya jioni ile, na kwamba mwenyeji ndiye aliyecheka zaidi. Raundi ilikwisha pale Bi. S aliposema “Mornington Crescent” na mwamuzi akamkubalia, baada ya kumchelewesha kwa muda mrefu akijifanya anaikagua ramani.

Hata hivyo matokeo hayakuwa mema kwa kila mtu. Bwana K aliifurahia sehemu hiyo ya pili na hakuficha furaha yake, lakini siku zilizofuata alimwambia Bi. R kwamba kama angeulizwa, angechagua kuambiwa mapema. Naye Bwana T alikuwa amekwisha kuondoka wakati wa mapumziko, akisema amechoka. Hakuna aliyemfuata, na katika mazungumzo yote yaliyofanyika jikoni kuhusu nani ameumia, jina lake halikutajwa.

## Uchambuzi: siri yenye jibu na siri isiyo na jibu

Michezo ya kanuni zilizofichwa ni ya aina mbili, na kuzichanganya ndilo kosa kuu la kisa hiki.

Katika aina ya kwanza, kanuni zipo na zinaweza kugunduliwa. Mchezo wa karata uitwao Mao ni wa aina hiyo: mgeni haambiwi kanuni, lakini kila anapozivunja huongezewa karata ya adhabu, mara nyingi pamoja na kutajiwa kosa lake, na kidogo kidogo hujifunza. Eleusis, uliobuniwa na Robert Abbott mwaka 1956, ni wa wazi zaidi: mmoja huandika kanuni ya siri, na wengine huitafuta kwa kuweka karata na kuona zipi zinakubaliwa. Katika michezo hii mtu makini ana faida. Uchunguzi wake unalipwa, na adhabu anayopata leo ni taarifa ya kesho.

Katika aina ya pili, jibu halipo. Mornington Crescent ni mfano wake ulio safi kabisa. Hapa kila dhana ya mchunguzi inavunjwa, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa hakuna dhana inayoweza kusimama. Na kadiri anavyokuwa makini ndivyo anavyozidi kuwachekesha wanaojua. Mlango wa kuingilia ni kubuni, na kubuni kunahitaji mtu aamini kwamba ana haki ya kubuni. Bi. S alikuwa na imani hiyo kwa sababu alikulia katika nchi yenye kipindi hicho, na ingawa hakuujua mchezo, aliutambua uso mkavu wa mzaha wa namna hiyo. Bwana K hakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba mgeni mpya anaweza kujitungia kanuni ndani ya nyumba ya mkuu wake wa kazi. Kwa hiyo tofauti kati yao haikuwa ya akili wala ya ucheshi. Ilikuwa tofauti ya nani anajiona yuko nyumbani.

Mwenyeji aliposema kwamba mchezo hujifunzwa kwa kutazama, aliutangaza mchezo wa aina ya pili kama wa aina ya kwanza. Mtu aliyemwamini ndiye aliyeumia. Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa aliyemdharau mwenyeji na kutomwamini, au aliyekaa bila kujali, hakudhurika hata kidogo. Mzaha ulimlipisha faini mgeni aliyeshirikiana nao kwa moyo wote.

## Uchambuzi: ushindi uliokataliwa

Kama kuna dakika moja ya kuitazama kwa karibu, ni ile ya Bwana K kusema “Mornington Crescent”. Mchezo ulikuwa na kanuni moja tu ya kweli iliyo wazi, ile ya kwamba anayesema jina hilo kwanza ameshinda, na mwenyeji aliivunja kanuni hiyo moja ili kulinda zile zisizokuwepo.

Sababu yake inaeleweka. Aliona mchezo unakwisha mapema, kabla haujakolea, akatumia silaha iliyo karibu. Lakini tuangalie kilichopotea. Kama angekubali, tena kwa makofi, Bwana K angekuwa mshindi wa raundi ya kwanza, dhana yake kuhusu Camden Town ingebaki ikiwa kweli machoni pake kwa muda, na angeingia raundi ya pili akiwa na ari. Raundi ya pili ingekuwa huru kuivunja dhana hiyo taratibu, naye akiwa tayari na heshima ya mshindi. Raundi fupi haina hasara yoyote katika mchezo huu. Huchukua dakika chache kuanza nyingine.

Zaidi ya hayo, kukataa huko kuliwaonyesha wageni wote kwamba kanuni zinaweza kutumiwa dhidi yao na si kwa ajili yao. Katika redio, anayezuiwa kwa kifungo ni mchekeshaji aliyezoea kazi hiyo, anayejua kilichomzuia ni nini, na ambaye atamlipizia mwenzake katika zamu ijayo. Kisheria, tukiruhusu neno hilo, vizuizi vya redio ni vya watu walio sawa. Sebuleni, aliyezuia alikuwa na cheo na siri, na aliyezuiwa hakuwa na chochote kati ya hivyo viwili.

## Hoja ya kwamba siri ikifichuliwa mchezo umekufa

Hoja ya mwenyeji inastahili kujibiwa, kwa maana ndiyo inayotolewa na wapenzi wengi wa mchezo huu. Wanasema kwamba raha yote iko katika kutojua.

Redio yenyewe inaipinga. Watu waliojaa ukumbini wakati wa kurekodi kipindi, na wale waliokisikiliza nyumbani kwa miongo, walijua kwamba kanuni hazipo, na bado walicheka mwaka baada ya mwaka. Kama siri ndiyo ingekuwa chanzo cha kicheko, mchezo ungekwisha nguvu kabla ya mwaka 1980. Kinachochekesha ni uzito: watu wazima wanaobishana kwa adabu kuhusu kifungu cha sheria ambacho mmoja wao amekibuni sekunde tatu zilizopita. Anayejua kwamba hakuna sheria huuona ufundi huo vizuri zaidi kuliko asiyejua, kwa sababu anaona ni kwa namna gani kila kauli inazaliwa kutokana na ile iliyoitangulia.

Raundi ya pili ya kisa chetu inathibitisha. Kufikia wakati ule Bwana K alijua, Bi. S alijua, na wale wageni wawili wengine walieleza kwamba walikwisha kubaini. Siri ilikuwa imekwisha kabisa, na ndipo mchezo ulipofika kileleni.

## Kilichofanya kazi

Kumpa Bwana K uamuzi kulifanya kazi kwa sababu ambayo hata Bi. R hakuitarajia. Alidhani angebuni vichekesho kama wengine. Badala yake Bwana K alileta kanuni ya kweli, aliyoichimba katika karatasi yake mwenyewe, na kwa hiyo kazi ambayo ilikuwa imechekwa ikageuka kuwa sheria ya nyumba. Hakulazimishwa kuacha umakini wake ili akubalike. Umakini huo ndio uliompa kiti. Naona hapa kuna fundisho la ustadi kwa mwendeshaji yeyote wa michezo: mgeni asiombwe aige ucheshi wa wenyeji, bali mchezo upindwe kidogo ili ucheshi wake yeye upate mahali pa kukaa. Na kanuni ya rangi, kwa taarifa ya wanaotaka kuijaribu, ni nzuri sana, kwa kuwa katika ramani ya treni za London stesheni nyingi kubwa zinapitiwa na njia zaidi ya moja, na hivyo kila uamuzi unazua ubishi wa halali.

Ufunuo wa faraghani nao ulifanya kazi. Bi. R hakumwambia Bwana K kwamba amechezewa. Alimwambia kwamba hata yeye hazijui kanuni. Kauli hiyo ni ya kweli kabisa, na iliwaweka wawili hao upande mmoja badala ya kumweka mmoja juu ya mwenzake.

## Kisichotatuliwa

Bwana T hakupata chochote katika haya. Marekebisho yote yalielekezwa kwa mtu ambaye maumivu yake yalionekana, kwa kuwa alikuwa ameuliza maswali, ameandika, na amejaribu kushinda. Bwana T alitaja stesheni alipofikiwa na zamu, hakuuliza kitu, akaondoka. Alipoombwa maelezo kwa ajili ya kisa hiki, alisema tu kwamba hakuelewa mchezo na hakutaka kuwaharibia wengine starehe, wala hakutaka kuongeza neno.

Kikundi hicho kinaendelea kucheza, na utaratibu wao umebadilika. Kabla ya raundi ya kwanza mwenyeji hutamka waziwazi kwamba katika mchezo huu hakuna swali litakalojibiwa kwa ukweli na hakuna kanuni itakayokataliwa ikiwa imetamkwa kwa uso mkavu. Wageni hukaa wakiwa wamechanganyika na wenyeji. Na mshindi wa raundi ya kwanza, awe nani, hapingwi. Bwana K ndiye huombwa mara nyingi kutangaza toleo la jioni. Bwana T amealikwa mara zote. Hajahudhuria jioni ya michezo tena, ingawa kazini anazungumza na wote vizuri, na Bi. R anaamini kwamba mwaliko wa mchezo mwingine kabisa, ulio na kanuni zilizoandikwa, ndio uliopaswa kumfikia tangu wiki ile ya kwanza.